Gemu Mpya na Mbegu ya Mama Agata

Kaka Beni,

Tangu tukuzike, chumba chako cha gemu sijakifunga hata wiki moja. Televisheni ni ileile, benchi ni lilelile, na vijana wa Ifakara bado wanagombea pedi ya kuchezea ya upande wa kulia. Kilichobadilika ni bei, na ndiyo inayonisumbua hata nakuandikia.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Dar kununua kaseti mpya ya gemu ya mpira. Muuzaji wako wa Kariakoo alitaja bei karibu mara mbili ya ile uliyoizoea. Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Akanijibu taratibu, "Dada, hii imechorwa na watu wengi, na wao wana watoto." Kisha akaiwasha. Kaka, majani ya uwanja yanaonekana, mashabiki wanainua mikono, kipa akifungwa anainama kama mfiwa. Niliona kazi ya mtu pale, na mimi mkulima siwezi kusema jasho la mwenzangu ni bure. Nikalipa.

Ila huku kwetu kopo la mpunga, ambalo vijana wanalipia mechi, halikupanda thamani. Wewe ulipokea kopo moja kwa mechi mbili. Mimi niliporudi nikatangaza makopo mawili kwa mechi moja. Watu walinuna, halafu wakapanga foleni.

Chengula, yule fundi baiskeli, ndiye aliyezidi. Unamjua, akifungwa hakubali kuondoka. Siku moja alileta mfuko mzima. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinusa kila mpunga kabla ya kuupokea: "Unaonuka moshi ni mbegu, umetoka juu ya jiko ulikotunzwa usiliwe na wadudu. Mrudishie mwenyewe, hata akikutukana."

Niliunusa, Kaka. Ulinuka moshi. Nikaumimina guniani, kwa sababu nilikuwa nawaza pesa ya kaseti. Kesho yake gunia lilikwenda mashineni kukobolewa.

Sasa mvua zimeanza. Juzi mke wa Chengula, Mama Agata, alikuja kuazima jembe. "Dada Stela, mwaka huu panya wamekula mbegu yote, hadi na mfuko," akasema, akacheka kidogo, akajifuta macho. Nikampa pole. Mimi, Kaka, nikampa pole. Aibu hiyo imenikaa kifuani na haishuki.

Najiuliza kama bei ile ni ya haki. Kwa waliochora huko ng'ambo, labda ni haki yao. Lakini hapa imelipwa na mama ambaye hajawahi kushika pedi. Na hilo siwezi kumsingizia muuzaji. Pua iliyonusa ni yangu.

Basi nimeamua. Mechi zinarudi kwenye bei yako, na kaseti mpya sinunui tena, hata wachezaji wakihamia kwa jirani. Kesho asubuhi nampelekea Mama Agata mbegu yetu, na nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba hakukuwa na panya. Chengula atanichukia, pengine na mkewe pia. Nakuahidi sitageuka kurudi nyumbani kabla sijasema.

Ulale vizuri, kaka yangu. Mbegu itakayobaki inatosha nusu ya shamba. Nitapanda upande wako. Wangu, mwaka huu, utaota majani tu.

Mdogo wako,
Stela