Vikaratasi vya Amisi

Kalemie, siku ya ine

Ningemupa kimoja tu. Kimoja.

Mama Amisi aliirudisha kwinini hapa dispanseri asubuhi, vikaratasi kumi na vinne nilivyomufungia juzi, dozi moja moja, kila kimoja na jina la mutoto. Nikamufokea: sababu gani haukumupa dawa?

"Alinifia mugongoni, Papa, mbele ya kufika nyumbani."

Nilifurahi. Tangu vita vifunge barabara, sanduku la dawa ni tupu. Mungu aliniona nikifurahi.

Kisha akaomba kikaratasi kimoja, kitupu bila dawa, chenye jina. Hana pahali pengine jina lilipoandikwa.

"Karatasi hakuna, Mama."

Nikakata jina la Amisi, nikaandika Zaina, mugonjwa aliyefuata. Mara kumi na ine. Mama Amisi alisimama akiangalia mpaka cha mwisho.