Milimita Mbili za Athumani

Katwe, Kampala
Jumapili mchana

Mdogo wangu Athumani,

Salaam aleikum. Umeamkaje huko Muheza, na goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliokuwa na homa wiki nzima. Naandika kwa mkono, kisha nitaipiga karatasi picha nikutumie, maana kwenye simu ningeanza kujitetea.

Jumatatu baba alinipigia kusema umenyoosha mwenyewe magurudumu ya mbele ya pikapu, kwa uzi na futi kamba. Nikacheka. Akaongeza, "Mdogo wako ana mikono ya fundi." Miaka mitano niko kwenye gereji yenye mashine ya alaimenti, ya kunyooshea magurudumu, na kabla ya hapo nililala chini ya pikapu ile ile tangu ndevu hazijaota. Sijawahi kuambiwa nina mikono. Niliona wivu, Athumani, hata ndizi za matoke nikaziacha sahanini.

Kisha akauliza: nafasi kati ya matairi yale ikiwa ndogo kwa milimita mbili upande wa mbele kuliko wa nyuma, inatosha apakie machungwa aende Tanga? Unamjua, mzigo hauondoki mpaka mtoto mkubwa, yaani mimi, aseme "twende". Nilijua inatosha. Kwa gari kuukuu lile, hata tatu isingekula tairi. Lakini nikamjibu, "Subiri kwanza, niulize mashine." Mashine ya Kampala itapimaje gari lililoko Muheza? Baba akaniamini tu.

Leo asubuhi nikataka kukushinda. Nikachukua gari la bosi wangu Hajji, mzee wa Kinubi, nikalipandisha jeki, nikarekebisha, nikalishusha, nikavuta uzi na kupima. Tofauti sifuri kabisa! Hajji akanikuta natabasamu peke yangu.

"Wewe fundi, mashine iko hapa, wewe nacheza na kamba?"

"Nyumbani kuna mtu anasema kamba yake iko sawa, Hajji."

"Banange!" Hajji akashangaa. "Huyo mutu alikukosea nini? Leta gari kwa mashine."

Mashine ikasoma milimita sita. Hajji akashika kiuno kwa kicheko. "Wewe natoa gari kwa jeki, napima hapo hapo? Hapana sukuma?"

Sikusukuma. Na hilo ndilo jambo la kwanza baba alilotufundisha sote wawili: gari likishuka jeki, lisukume mbele na nyuma, matairi yakae kama yanavyokaa barabarani, ndipo upime. Wewe ulikumbuka, baba alisema hata mama na goti lake alisukuma. Mimi nimezoea kusoma namba kwenye kioo cha mashine.

Nimesikia machungwa yameanza kulainika chini ya turubai. Kosa hilo ni langu mimi, usimlaumu baba. Kabla sijakaa kuandika nimempigia, nikamwambia, "Milimita mbili inatosha. Twende." Akauliza, "Mashine imekubali?" Nikasema imekubali. Mashine haikuulizwa, Athumani. Ni mimi niliyekubali, na imeniuma.

Nisalimie mama, umwambie asisukume tena magari. Shangazi muuza vitumbua msalimie, na shemeji yangu, mkeo, mwambie mtoto akianza kutembea nataka picha.

Bado nina wivu, sitakudanganya. Ule uzi uliopimia ni wangu, niliuacha kwenye kopo nyuma ya mlango. Wiki nzima nilikuwa nataka kukuagiza uurudishe.

Kaa nao, ni wako sasa.

Kaka yako,
Shabani