Faini ya Jogoo

Alhamisi, Chome. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa bweni, nepi za mtoto hazijakauka tangu juzi, na mimi nimechoka mpaka kope. Lakini nina furaha. Acha niandike kabla haijapoa.

Semina yetu ya walimu wa historia ni ya kulala huku huku mlimani. Nilikuja na Nakundwa wangu kwa sababu bado ananyonya, na chupa hataki hata kuiona. Msimamizi, Mwalimu Mbwambo, alinikubalia kwa sharti kwamba asivuruge vipindi. Jana alilia kipindi kizima. Jioni nikaambiwa kwa upole: nikishindwa kuwasilisha mada yangu leo kwa sababu ya mtoto, kesho nipande gari nirudi Same.

Nikaitikia vizuri tu. Moyoni nikasema, siendi.

Asubuhi pembe ikalia. Wanakijiji walikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja, wanazoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la maji ya mashamba. Sisi walimu tukajipanga ukingoni na simu zetu, tunapiga picha.

Hapo tuliharibu.

"Nyie walimu!" Mama Elifuraha, mmoja wa wanakijiji, alituita, tope limemfika magotini. "Msaragambo hauna watazamaji. Anayesimama tu analipa jogoo!"

"Hata mgeni, mama?" Mwalimu Mbwambo akauliza.

"Mgeni mwenye kitambi hivyo? Majogoo wawili!"

Watu walicheka, na msimamizi wetu akavua viatu.

Nikainama nami na mtoto mgongoni. Mama Elifuraha akanizuia. Akanionyesha blanketi pembeni, watoto wamekaa, mama mmoja anawaangalia wote. "Yule naye yuko kazini. Mpe huyo mtoto, ushike koleo."

Nikampa. Sikumbuki mara ya mwisho mgongo wangu ulikuwa mwepesi vile. Nilizoa tope nikiimba, na maneno ya Chasu, lugha ya Wapare, nakosea, wananicheka, naendelea.

Mchana ikafika zamu yangu. Mada: jinsi Wapare wa zamani walivyogawana kazi. Nimeshika chaki tu, Nakundwa akaangua kilio. Nikajua basi, nimekwisha.

Mwalimu Mbwambo akainuka, suruali bado ina tope. Nikadhani ananitoa.

"Mlete huku," akasema. "Mimi leo silipi jogoo mwingine."

Akampakata. Alipochoka akampa wa jirani, naye akampa wa nyuma. Mtoto akazunguka darasa zima akitafuna tai za watu, nami nikafundisha mpaka mwisho.

Nabaki.

Sasa amelala, ananukia manukato ya watu wote isipokuwa yangu. Nikirudi kwa wanafunzi wangu, somo hili sitalianzia ubaoni. Tutaanza kwa kusafisha choo cha shule, wote, na atakayesimama kutazama ataleta jogoo.

Na baba Nakundwa naye nitamweleza hii sheria.