Kipande cha Katoni Mezani

Jumanne

Bado sijaamua ninunue skrini ipi ya kompyuta. Asubuhi nilikata katoni ya sabuni vipande viwili, kimoja cha inchi ishirini na nne, kingine cha ishirini na saba, nikavisimamisha mezani kwa zamu. Dada yangu Chebet akacheka kutoka kitandani. "Hiyo kubwa ni skrini ama ni ukuta? Na mimi nitakulia wapi?"

Meza ni moja, chumba ni kimoja. Sijamwambia kwamba jicho langu la kushoto linazidi kufifia, na daktari anasema la kulia limeanza kulifuata. Daktari ndiye aliyenishauri nitafute skrini kubwa. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Nisiposoma...

Mchana nilitoka mtaani kwetu Huruma kwa miguu hadi mjini. Dukani muuzaji aliwasha skrini zote mbili. "Madam, kwa hii kubwa utaona hata usichotaka." Ilikuwa pana kweli, ila ilionyesha maneno mengi zaidi kwa pamoja, hivyo herufi zake zilikuwa ndogo kuliko za ile nyingine. Akazikuza. "Hapo je?" Bado. Akazikuza tena. "Hapo?" Mwishowe maneno matatu tu yalijaza kioo kizima, na mzaha ukamwisha. Nikamwambia nitarudi kesho. Sijui nitarudi kufanya nini.

Nilipofika nyumbani, Chebet alikuwa amesimamisha kile kipande kikubwa mezani na kushusha sahani zake sakafuni.

"Nunua hiyo," akasema. "Mimi nitakula nikiwa kitandani."

Nilishindwa kumwambia kwamba hata hiyo haitoshi.