Picha za Ummy Zimefunguka

Bomani, Tarime
Juni 2012

Dada yangu Sabaha,

Shikamoo, na asalaam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, yale maumivu ya mgongo yamepungua, na mama mwenye nyumba anakuachia upumzike angalau mchana. Sisi huku hatujambo wote. Mahindi ya Turwa yamekomaa, na bei ya dhahabu imepanda mpaka watu wanaingia studio kutoka Nyamongo na mabuti yenye tope, wakidai kupigwa picha kabla hata ya kuoga. Kwa hiyo kazi ipo, alhamdulillahi.

Najua una hasira na mimi. Tangu harusi ya mwanao Ummy unaniuliza picha, nami nakujibu zinakuja, zinakuja, hadi ukaniambia kama nimeziharibu niseme tu, ulie mara moja yaishe. Dada, leo nakujibu nimevimba kichwa: sikuziharibu. Zimo humu kwenye bahasha. Lakini zilinitoa jasho, na nataka ujue nilivyopigana, maana nisipojisifu mwenyewe sijui nani atanisifu.

Chanzo ni mkweo Imrani. Ni kijana mzuri, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na swala haimpiti. Ila ana ugonjwa wa wenzake wote wa dhahabu: kila mmoja anataka picha ya harusi yake iwe kubwa kuliko ya mwenzake. Rafiki yake alitundika ukutani picha ya ukubwa wa meza, basi Imrani akaniambia yeye anataka ya ukubwa wa mlango. Nami, kwa sifa zangu, nikanunua kamera mpya Mwanza, nikaingia kwenye mipangilio na kuchagua ubora wa juu kuliko wote. Sikujua kwamba ukichagua hapo kamera haitengenezi tena picha za kawaida. Inahifadhi zile wanazoita picha mbichi, yaani mwanga wote iliouona, bila kuupika. Nilipiga harusi nzima namna hiyo, kuanzia hina hadi gari la bibi harusi.

Nilipochomeka kadi kwenye kompyuta ya studio, kila picha ilitokea kama karatasi nyeupe tupu. Programu yangu ya kuhariri ikasema faili za aina hiyo haizijui. Nikadhani ni virusi. Nikasafisha, nikazima, nikawasha, wapi! Ummy alikuwa amesimama nyuma yangu, hina bado mbichi mikononi, akauliza kwa sauti ndogo kwamba sasa mama ataona nini. Neno hilo lilinichoma, maana mkataba wako haukukuruhusu kuja, na picha hizo ndiyo ilikuwa njia yako pekee ya kuhudhuria. Nikamjibu kwa ujeuri kwamba mama yake ataona kila kitu. Moyoni sikujua nianzie wapi.

Nikapakua toleo jipya la programu. Kompyuta ikalikataa, kwamba linahitaji mfumo endeshi mpya na wangu ni wa zamani. Nikataka kubadilisha mfumo, nikaambiwa kompyuta yenyewe haina nguvu ya kuubeba, na hata ikiubeba, mashine yangu ya kuchapia haielewani nao. Nikishika hapa, pale panaachia. Nikapanda gari hadi Sirari kwa fundi mmoja anayesifika sana. Akaigeuzageuza kadi, akaniambia kwa Kiswahili chao cha mpakani kwamba hiyo kadi imekufa, tuifomati tu iwe fresh, nisijali, itakuwa poa. Dada, kuifomati ni kufuta kila kitu kilichomo! Niliinyakua mkononi mwake, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua niliyoianza kwa salamu ya dini.

Aliyenituliza ni Agness, yule rafiki yangu mwalimu wa Nyarero. Alikuja Jumamosi na kompyuta yake ndogo, nayo ikashindwa, kwa sababu programu yake ilitoka kabla ya kamera yangu na haikuijua. Tukakaa tumenuna. Mwishowe akaniomba nimwashie kamera, angalau awaone maharusi kwenye kioo cha nyuma. Nikawasha. Ummy akatokea, anacheka, rangi zote zipo, hata wekundu wa hina. Hapo tukatazamana. Nikamwambia kama kamera inaweza kutuonyesha picha, basi inajua kuipika yenyewe, sasa sisi tunahangaika na wapishi wengine wa nini? Tukaanza kupekua menyu, yeye akisoma, mimi nikibonyeza, mpaka tukakuta sehemu ya kutengeneza nakala ya kawaida kutoka kwenye picha mbichi, humohumo ndani ya kamera. Nikajaribu moja, nikachomeka kadi kwenye kikompyuta changu kikongwe, na picha ikafunguka! Nilipiga vigelegele hadi muuza vitenge wa jirani akaja mbio akidhani Ummy amejifungua, na harusi hata haijapoa.

Tukazipika moja moja, betri ikiisha tunachaji, umeme ukikatika tunapiga soga. Imrani amepata mlango wake, umechapwa Mwanza. Wapiga picha wawili kutoka Mugumu waliokwama kama mimi wamenifuata niwasaidie. Wananiita daktari, nami siwakatazi.

Sasa kaa chini, dada. Kuna jambo tulikuficha sote hapa nyumbani, kwa amri ya shemeji Maftah mwenyewe. Ulimwacha kitandani, miguu haina kazi tangu lile duara la kuchimbia dhahabu kule Nyamongo lilipomwangukia, ukaenda kufanya kazi nchi ya watu ili apate pesa ya matibabu. Ulipoondoka tu, Kornelio seremala alimjengea reli mbili za mbao nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alikuwa anamshika kiuno na kumwambia, mura, mwanaume wewe, simama. Siku nyingine walianguka wote wawili. Shemeji alitukataza kukuambia kwa simu, kwa sababu alisema utadhani tunakufariji. Alitaka uone kwa macho yako.

Siku ya harusi, Ummy alipofika mlangoni kuaga, baba yake aliegemeza mikono kwenye kiti, akainuka. Akamshika mwanawe mkono, akamsindikiza hadi kwenye gari. Wanaume wazima walilia, na mimi nilibonyeza kamera machozi yakinizuia kuona ninachopiga. Ndiyo maana ile kadi nilikuwa tayari kuifia.

Na picha yenyewe ilikuwa imeharibika kwa giza. Jua lilikuwa nyuma yao, sura ya shemeji haionekani kabisa. Ingekuwa picha ya kawaida ningeipoteza, dada, lakini kwa kuwa ilikuwa mbichi mwanga wote ulikuwa bado umo. Niliuongeza kabla ya kuipika, nikarudia, nikarudia, na uso wake ukatoka mpaka meno, maana alikuwa anacheka. Agness alitoka nje kujifuta macho. Mimi nilijivuna na kulia kwa pamoja, na sioni aibu kusema hivyo.

Ummy na Imrani wanakusalimu sana na kukubusu mikono. Agness anakusalimu, na Kornelio pia, anauliza habari za joto la huko. Nilimuuliza shemeji niandike salamu gani kutoka kwake, akasema nisiandike yoyote, niweke picha. Ni hiyo niliyoifunga peke yake kwenye karatasi ya buluu. Ukiifungua, tazama pande zote mbili za mume wako. Hakuna mtu aliyemshika; yeye ndiye aliyemshika Ummy.

Mdogo wako akupendaye,
Mwajuma