Cherehani za Mradi

Jumatatu, 6 Januari
Leo zimeshushwa — cherehani mpya, bado zimefungwa nailoni. Mpango wa kupunguza umaskini! Kila mwanamke wa mtaa huu asiye na kazi amepewa yake. Mimi sikupewa. Nina kazi, alisema afisa wa mradi, tena akanisifu mbele za watu. Eti mwaka jana alipita hapa, akaniona nashona barazani na watoto wangu wanasoma, ndipo wazo likamjia. Mimi ni mfano wa kuigwa. Basi wameniiga.

Wifi yangu naye amepata. Nilimhimiza mwenyewe ajiandikishe, maana tangu kiwanda kifungwe yeye na wanawe wanakula kwangu. Sikujua watagawa nini. Nilidhani mikopo.

Alhamisi, 9 Januari
Hakuna mteja. Mtaa mzima unanguruma, wote wanajifunzia kwenye vitambaa chakavu. Watashona, sawa — nani atavaa? Nilimpigia afisa. Akasema soko litajitengeneza lenyewe. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Wifi kaweka yake mlango wa pili, tunatazamana. Mara kaja kuulizia sindano, mara uzi unakatika kwa nini. Namwonyesha. Nifanyeje? Ni dada wa marehemu mume wangu, na mikono anayo, jamani. Nikimfundisha, nakosa wateja. Nisipomfundisha, tutaendelea kugombania sufuria moja. Nimechoka kufikiri.

Jumamosi, 11 Januari
Shule zinafunguliwa keshokutwa. Sare ndizo zinazonilipia ada. Nikizikosa, wanangu wanabaki nyumbani. Asubuhi hii — hatimaye! — kaja mama mmoja na kitambaa cha buluu, ana mabinti wanne. Nikamtajia bei yangu ya siku zote. Kabla hajajibu, wifi, macho chini kwenye cherehani yake, akataja nusu. Mama akavuka kwake.

Inauma, lakini na yeye ana wanawe.

Wifi akakitandaza kitambaa. Akakigeuza. Akakigeuza tena, mkasi mkononi. Kisha akanitazama.

“Wifi,” akasema polepole, “sketi ya marinda inakatwaje?”

Nimeingia ndani, nimewaambia natafuta chaki. Wananisubiri nje, yeye na mteja. Chaki ninayo mfukoni.