Redio ya Morris Haina Hitilafu

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimetoka kwa Eddie, fundi wa stereo hapa Hounslow, London, nikiwa na hakika moja: mtu anaweza kushika bisibisi maisha yake yote bila kujifunza kuiheshimu skrubu. Aliitazama redio ya gari langu, Morris – ya mwaka 1966, ya kiwandani, vitufe viwili vya kuzungusha, uso usio na mkwaruzo – akacheka. "Madam, hii kitu ni ya museum. Tunang'oa, tunaweka touch screen, unaskia raha." Hakujua kwamba makumbusho ndiko ninakofanya kazi, na kwamba kazi yangu ni kuwazuia watu kama yeye wasiguse vitu. Alitaka kuikata dashibodi kwa msumeno. Msumeno!

Shughuli yote hii ni kwa ajili ya mama. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hasomi tena, hata majina kwenye simu. Anaishi kwa sauti. Kila Ijumaa mdogo wake, mama mdogo Arafa, humtumia kutoka Unguja ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba, na mama hupenda kuusikiliza garini ninapompeleka msikitini. Ila injini ya Morris hunguruma, spika ya simu hukoroma, na mama huuliza: "Kasemaje? Kasemaje?" Nami huishia kukariri umbeya wa mtaani kwao Kikwajuni kwa sauti ya juu kwenye taa nyekundu. Hali hii haiwezi kuendelea.

Kwa hiyo: simu ya mama izungumze kupitia redio ya asili, bila waya. Masharti ni yangu. Uso wa redio usiguswe. Pasitobolewe tundu. Kila kitakachoongezwa kiweze kuondolewa bila kuacha alama. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya kuhifadhi vitu vya kale. Nimeifuata kwa vitabu vya karne ya kumi na tano. Sitaivunja kwa ajili ya Eddie.

Jumapili, 5 Oktoba

Ndugu yangu Mwadini alikuja kula pilau. Hupakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, na fikra zake nazo huzipakia vivyo hivyo – kwa kuvurumisha. Akasikia habari ya redio. "Da Faridah, nunua kispika cha bluetooth, kibandike kwa gundi juu ya dashibodi. Kwisha!"

Gundi.

Mama akamwambia asinichokoze, gari lile ndiye mume wangu. Wakacheka mpaka mama akapaliwa. Nikaosha vyombo.

Jumanne, 7 Oktoba

Kenton, kwa Praful, muuza redio za zamani, mzaliwa wa Kisumu. Ana hadithi nyingi kuliko redio, na ndani ya kila hadithi shujaa ni Praful. Rais fulani alimletea redio. Balozi fulani alilia. Mkewe, Bi Sushila, alileta chai bila kumtazama. Ni dhahiri habari za balozi huyo ameshazisikia. (Chai ilikuwa nzuri. Lazima niwe mwadilifu.)

Tatizo ni hili. Magari ya leo, mwili wake umeunganishwa na upande hasi wa betri. Morris wangu ni kinyume: mwili ni chanya. Kibao cha bluetooth, kile kinachopokea sauti ya simu, kikigusishwa mwili huo bila kinga, kinaungua kabla hujamaliza bismillahi. Dawa ya Praful? "Geuza betri tu, dada! Waingereza wenyewe wanageuza!" Yaani nigeuze damu ya gari zima ili kukiridhisha kibao chenye ukubwa wa stempu! Nimenunua kibao, pamoja na kifaa kidogo cha kutenganisha umeme wa pande mbili usionane. Ushauri nimemwachia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Imekwisha.

Nimelehemu nyaya mbili nyembamba nyuma ya kitufe cha sauti, ndani ya kasha, pasipoonekana. Kwa hiyo kitufe kilekile cha 1966 ndicho kinachowasha, kinachopandisha na kinachozima. Ukikizungusha kushoto mpaka mwisho – klik – kimya. Hakuna tundu. Hakuna gundi. Kila kiungo nimekitazama kwa kioo cha kukuzia. Kazi hii haitaharibika. Nimemwambia mama hivyo, na naiandika hapa pia bila unyenyekevu wa uongo.

Dosari moja, na si yangu. Simu inapoungana, mwanamke fulani hutangaza kutoka ndani ya redio kwa Kiingereza cha bati: "Connected!" Kama mhudumu wa mkahawa anayetaka bakshishi. Hanyamazishiki – nimejaribu. Mama akauliza ni nani huyo. Nikamwambia si mtu.

"Basi mwambie karibu."

Ijumaa, 17 Oktoba

Safari ya kwanza. Mama alikaa mbele, simu mapajani. Macho hayaoni, lakini kidole gumba kinajua: mazungumzo mapya yako juu, ndani yake ujumbe mpya uko chini kabisa, na alama ya kuchezea iko palepale siku zote. "Connected!" – halafu mama mdogo Arafa akajaa gari zima.

"Dada, unanisikia? Mie nakohoa kidogo, ila ulimi mzima, usihofu! Hebu n'kwambie. Yule jirani yetu kaipaka nyumba rangi ya ndimu. Ya ndimu, dada! Ukipita unasikia mate..."

Mama alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Madereva wa basi walitutazama. Spika ni moja tu, sauti ni kavu, ina vumbi la miaka sitini – na inamfaa Arafa kuliko stereo yoyote ya Eddie. Kila pumzi kati ya maneno ilisikika.

Nitakiri: nilizunguka barabara moja zaidi ili ujumbe umalizike.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mwadini alinipigia simu kazini. Mama mdogo Arafa amefariki alfajiri. Kifua. Ameshazikwa adhuhuri.

Papo hapo akasema: "Mama asiambiwe." Operesheni ya macho ni Alhamisi ya tarehe 30. Presha ikipanda, watamrudisha nyumbani, na nafasi nyingine huenda isipatikane mpaka mwakani. Daktari ameshasema kwamba jicho la kulia halitangoja. Yote haya ni kweli. Kisha akaongeza, kwa mantiki yake ya mizigo: "Kwani kufa kwa Arafa kutakwisha, dada? Akitoka hospitali atamkuta amekufa vilevile."

Mila hii naijua. Mtu anafiwa, na dunia nzima inajua ila yeye. Wanamlisha, wanamchekea, wanapeana ishara za macho juu ya kichwa chake kama vile ni mtoto mchanga. Wanaiita huruma. Mimi naiita dharau iliyovaa kanga. Mama ana miaka themanini na moja. Amewazika wazazi, mume na mtoto. Ana haki ya kumlilia mdogo wake siku ambayo mdogo wake analiliwa na wengine. Nilimwambia Mwadini kwamba nitamwambia mwenyewe, leo jioni, kwa maneno machache na ya wazi.

Jioni mama alikuwa anakunywa uji, akisimulia habari za nyumba ya ndimu. Sikuona sawa kumkatiza.

Kesho.

Jumatano, 22 Oktoba

Jana alikuwa kwenye sala, kisha akalala mapema. Sababu zote mbili ni halali.

Leo Mwadini alikuja "kuisafisha" simu ya mama. Kwenye simu hiyo kuna kundi la watu wa Kikwajuni, ambamo Bwana Haji husoma tanzia kwa sauti ileile anayotangazia kukatika kwa maji. Mwadini alifuta tangazo, ambalo mama alikuwa hajalifungua, akafuta pole, kisha akamtoa mama kundini kabisa. Akamwambia simu imeingia virusi. Mama akaipima kwa kiganja. "Kweli, imekuwa nyepesi. Kama imetapika."

Mwadini akanikonyeza. Anikonyeze mimi! Eti sisi ni kitu kimoja. Nilitoka chumbani. Nitasema Ijumaa, garini, tukiwa wawili, pasipo mkonyezo wa mtu.

Ijumaa, 24 Oktoba

"Connected!"

Hakuna ujumbe mpya. Mama akabonyeza tena. "Arafa leo kachelewa. Au yule mwanamke wako wa ndani ya redio kamla?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Nilikuwa nimeipunguza tangu asubuhi mpaka yakabaki maneno matano. Lakini mama alikuwa ameshaurudia ujumbe wa Ijumaa iliyopita. Nyumba ya ndimu. Mate. Kile kikohozi – safi, kavu, kama mtu amekaa kiti cha nyuma. Fundi mbaya angekiziba kwa mikwaruzo. Kwa mara ya kwanza nimemwonea Eddie wivu.

Mama akacheka palepale alipocheka mara ya kwanza. Kisha akashika simu karibu na mdomo, akamjibu mdogo wake: "Arafa, we! Kikohozi hicho usikifanyie mzaha. Kamuone daktari. Na Ijumaa usin'tupe tena hivi." Akautuma. Akaniuliza kama umekwenda.

Nikasema umekwenda. Ambalo ni kweli.

Nitamwambia Jumapili, Mwadini akiwapo, ili naye aone jinsi jambo linavyofanywa na watu wazima.

Jumapili, 26 Oktoba

Mwadini hakuja. Anasema ana zamu. Mwoga yule.

Sikusema.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimefikiri kwa utulivu. Zimebaki siku chache mno. Kumwambia sasa kungekuwa na madhara yote ya kusema na yote ya kuchelewa. Hoja hii haina ufa. Nimeipitia mara kadhaa kuutafuta.

Inafanana sana na hoja ya Mwadini. Ila yangu imepangwa vizuri zaidi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika kwenye chumba cha kungojea, hospitalini. Mama yuko ndani. Nitaandika kwa mpangilio.

Tulitoka nyumbani mapema. Mvua. Mama katika baibui lake jipya, mkoba mapajani, simu mkononi – alitaka Arafa amsindikize, "hata ile ya ndimu basi." Nikawasha redio. "Connected!" Kidole gumba kikafungua mazungumzo ya juu, kikashuka chini kabisa, mahali pa ujumbe mpya, kwa mazoea tu.

Na palikuwa na ujumbe mpya.

"Assalaam alaykum, bibi yangu. Mie Haji wa Kikwajuni. Siku ile n'likuona umetoka kundini, nikasema huyu hakutoka bure, ni uzito wa haya yaliyotufika. N'kasita kukusumbua. Basi Bi Arafa, Mungu am–"

Klik.

Mkono wangu. Kushoto mpaka mwisho.

Mwadini, mpumbavu yule! Ukimtoa mtu kundini, kundi zima linaona. Na watu wa Kikwajuni wana adabu: wamemwona mfiwa anajitenga, sasa watamfuata mmoja mmoja faraghani kumpa pole. Amefunga mlango na kufungua madirisha yote. Nilikuwa bado natunga tusi lake pale mama aliposema:

"Mbona umezima?"

Nilikuwa na maneno yangu matano. Yalikuwapo, kinywani. Taa ilikuwa nyekundu. Hata barabara ilinipa nafasi.

"Redio imeharibika, mama."

Wipa zikapita. Mama akageuza uso upande wangu, macho yale meupe.

"Si ulin'ambia kazi yako haiharibiki?"

"Waya umeachia. Nililehemu vibaya."

"Wewe?"

"Mimi."

Sijawahi kuisema vibaya kazi ya mikono yangu mbele ya mtu. Ilitoka kwa urahisi wa ajabu.

Hakuuliza zaidi. Ndilo hasa ninalotaka kuliandika kwa usahihi: hakuuliza zaidi. Mama, ambaye hapati usingizi bila kujua nani kanunua friji Kikwajuni, hakuuliza Haji alitaka nini. Hakuuliza kwa nini asisikilize kwa spika ya simu yenyewe. Aliitia simu mkobani, akafunga zipu polepole, akanikabidhi mkoba. Midomo yake ikawa inasoma kitu kimyakimya mpaka tukafika. Husoma kila safari. Au siku nyingine huanza tukishafika? Sikumbuki. Sikuwahi kuangalia.

Muuguzi anaitwa Nancy, mtu wa Nakuru. Alifurahi kusikia Kiswahili. Akampima. Akatoka akitabasamu: "Dada, pressure ya mamako iko chini kuliko yangu. Ametulia kabisa." Nikamtumia Mwadini habari hiyo. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu. "Umeona, dada? Si nilikwambia!"

Mkoba uko mapajani mwangu. Simu imetetemeka ndani yake mara kadhaa. Kikwajuni wanaendelea kuwasili.

Nancy ametoka tena. Kofia ya plastiki, glavu. Anasema wako tayari, daktari anangoja, lakini mama kaushika ukingo wa kitanda na hataki kusukumwa mpaka ajibiwe swali moja. Nancy anaona ni utani wa wazee. Anacheka huku akilisema:

"Anauliza kama ile redio imepona. Ati usimdanganye. Sasa nimwambie aje?"

Amesimama mlangoni. Anadhani ninachoandika hapa ni jibu.